Makofi Yaliyorudi Kutoka Mwezini

Juzi nilipeleka simu kwa fundi karibu na soko, Sumbawanga mjini, kwa sababu ilikuwa haipokei chaji. Fundi akainama juu ya meza yake, akagusisha chuma cha moto kwenye risasi, ile waya laini wanayoiyeyusha kuunganishia vyuma vidogo, na moshi mwembamba ukapanda ukaniingia puani. Akaniuliza kama simu ilishawahi kuanguka kwenye maji. Akili yangu haikuwa pale tena. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa bibi, nina miaka minane au tisa, nimejibanza chumbani kwa Baba mdogo nyuma ya maboksi, na nimewakasirikia watu wote wa nyumba ile. Fundi aliporudia swali nilimwambia atengeneze chochote atakachokikuta kibovu.

Wa rika langu mtanielewa. Sisi ndio tuliokua wakati nyumba nzima ina simu moja ya tochi, na mtandao una mahali pake maalumu unapokaa, kama kisima. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Laela, mtandao ulikaa juu ya kichuguu nyuma ya zizi la Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake tangu kabla sijazaliwa. Kila Jumapili baada ya misa mama alipanda pale kumpigia baba, nami nilipanda naye. Ilikuwa inaitikia ile sauti ya dada mmoja mwenye adabu, kwamba simu tunayopiga haipatikani kwa sasa, tujaribu tena baadaye. Mama alishuka akiwa kimya. Mimi nilishuka nikiwa na matumaini, kwa kuwa yule dada hakusema baba hayupo, alisema tujaribu tena. Nilishangaa kwa nini mama haelewi jambo jepesi kiasi hicho.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa akishuka Kipili, kando ya ziwa, kununua migebuka na dagaa, anapandisha nao huku juu kwenye baridi, anauza Laela na mjini. Safari moja alipanda boti na wenzake wawili kufuata samaki vijiji vya mbele, upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Boti ilipatikana. Wale wawili walipatikana, wakazikwa kwao. Baba hakupatikana. Kilicholetwa nyumbani ni koti lake alilokuwa ameliacha nyumba ya kulala wageni, likiwa bado linanuka samaki.

Watu walipoanza kujaa uani kwa ajili ya msiba, bibi, mama yake baba, aliwapa chai, akawashukuru, akawaambia warudi makwao. Alisema koti halizikwi. Alisema atakapomwona mwanawe ndipo atakapolia, na kabla ya hapo asisikie mtu anapiga yowe ndani ya mji wake. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuna aliyewahi kumbishia akashinda. Basi msiba haukuwekwa. Ikapita masika, ikapita mavuno, ulezi ukakatwa na kuanikwa, na pale nyumbani baba akawa ni mtu aliye safarini.

Nimekuja kuelewa ukubwani kilichokuwa kinamkuta mama. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kaka zake walikuja kutoka Milepa, wakauliza kwa heshima dada yao ahesabiwe upande gani, bibi akawajibu kwamba dada yao ana mume. Kanisani, majina ya marehemu yaliposomwa, mama alisikiliza mpaka mwisho, na jina alilolingoja halikusomwa. Alitaka jambo moja tu: misa isomwe, msiba ukae na uishe, naye apate kulia mbele za watu kama wanawake wengine. Badala yake alilia jikoni na kusingizia moshi. Kuni zetu zilikuwa kavu. Mimi nilimwona, na niseme ukweli bila kujipaka mafuta, nilikuwa upande wa bibi.

Hapo ndipo alipokuja Baba mdogo Nestori, mdogo wake baba wa kumfuata. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu huko Dar es Salaam. Aliacha kazi, akaja na maboksi saba na begi moja la nguo. Akachukua chumba cha nje, akaweka meza, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikanuka ule moshi wa risasi, harufu ya utomvu unaoungua, ikichanganyika na harufu ya maharage jikoni. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani mtu anayerusha na kupokea sauti kwa kupenda tu, si kwa biashara wala kazi ya serikali. Bibi alimuuliza kama kuna mtu anamlipa kwa hiyo. Alipojibu hakuna, bibi aliitikia kwa kichwa akaendelea kupepeta ulezi.

Kwanza alianza na kitu kidogo. Alitengeneza antena ya vijiti mfano wa mifupa ya samaki, akaishika mkononi, akasimama uani mchana kweupe akiielekeza mbinguni na kuizungusha polepole, akifuata kitu nisichokiona. Alinieleza kwamba ni setilaiti ndogo, mtambo wa ukubwa wa boksi la viatu, unapita juu yetu kwa dakika kumi tu kisha unapotelea upande wa Zambia. Alizungumza, akataja herufi na namba za jina lake la redioni, na mtu mmoja akamjibu kutoka nchi ya mbali, sauti ikiwa imekaukia puani. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikwenda kumwambia mama kwamba Baba mdogo anapata watu angani, na hata kichuguu hapandi. Mama alisema vizuri, nikamchote maji.

Mnaona akili yangu ilivyokwenda. Baba hapatikani kwa sababu ya mtandao. Kipili mtandao ni wa shida, hilo hata wakubwa walikuwa wakilisema. Halafu mdogo wake, fundi wa simu, anaacha kazi ya mjini ghafla, anakuja na maboksi, anaanza kuongea na watu kupitia juu. Angekuwa anamtafuta nani mwingine? Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini hakuna aliyeniambia chochote kile. Siku mama alipomuuliza, shemeji, unatafuta nini huko juu, alijibu kwamba anatafuta kama anaweza kusikika. Mimi nilimwelewa vizuri kabisa.

Baada ya setilaiti akataka mwezi. Alisikia kuna dishi moja kubwa la nyavu limelala nyuma ya karakana mjini, majani yameota katikati yake. Wenyewe walifurahi kuondolewa uchafu. Mzee Masanja akatoa maksai na mkokoteni, dishi likaja vipande vipande kwa siku mbili, likaungwa nje ya nyumba pale tulipokuwa tunaanika ulezi. Lilikuwa pana kuliko chumba. Wanaume wa kijiji walilizunguka wakilipima kwa macho, mmoja akauliza kama litaonyesha mpira. Baba mdogo alisema halionyeshi kitu, linatuma sauti mwezini na kuisubiri irudi. Mzee Masanja alimuuliza kama ameshakula.

Wiki zikapita. Baba mdogo akawasha jenereta, akasema moja, mbili, mbele ya maikrofoni, na spika ikatoa sauti ya manyunyu juu ya bati, basi. Dishi lilitakiwa kuufuata mwezi unavyotembea. Alifunga usukani wa trekta bovu wa kulizungushia, na mama ndiye aliyejifunza kuuzungusha, nusu kiganja kwa nusu kiganja. Sijui kwa nini alikubali. Labda ilikuwa afadhali kuliko jikoni.

Mwezi wenyewe ulinichanganya. Nilidhani ni wa usiku, kumbe siku nyingine unatoka kabla jua halijazama, mweupe tu, unakaa pale juu ya mashamba ya mahindi bila kazi. Jioni moja ya namna hiyo, nadhani saa kumi na moja, Baba mdogo alisema moja, mbili, mama akasogeza usukani kidogo, na ndani ya yale manyunyu ikaja sauti nyembamba ikisema moja, mbili. Baba mdogo alikaa chini kwenye vumbi. Akarudia. Ikarudi tena, baada ya muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Akamwita bibi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtoto anayetaka atazamwe. Akamwambia asogee karibu na kile chuma, aseme neno lolote analotaka.

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga. Kwetu mtu haingii mji wa watu kimya kimya, wala hamkabili mkubwa akiwa amesimama wima. Unachutama, unapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimebonyea kidogo, na mwenyeji anakuitikia kwa makofi vilevile. Bibi hakujua anakabidhiwa kwa nani, kwa hiyo alifanya ambacho mtu mwenye malezi angefanya. Alichutama mbele ya maikrofoni akapiga makofi matatu.

Manyunyu yakaendelea. Kisha, kutoka mbali ambako sina namna ya kuwaeleza, yakaja makofi matatu.

Nilimtazama mama, mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Bibi hakuinuka.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Ni wewe, mama," Baba mdogo alisema. "Makofi yako yamefika mwezini, yamegonga, yamerudi."

"Yamerudi yenyewe."

"Yenyewe."

"Hakuna aliyeyapokea."

"Kule hakuna mtu, mama."

Bibi alipiga tena, safari hii mara moja tu, akainamisha kichwa kusikiliza. Kofi moja likarudi. Alivitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Halafu akageuka, si kwa Baba mdogo, kwa mama.

"Kesho nenda kwa katekista," alisema. "Mwambie jina lisomwe."

Mama aliachia usukani, na ule uzito wa dishi ukauzungusha wenyewe mpaka mwezi ukapotea kwenye spika. Alianguka magotini akalia kwa sauti ambayo ilileta majirani wote mpaka kwenye uzio, na bibi akamshika kichwa akalia naye.

Sasa hapo ndipo mimi nilipopotea kabisa. Naomba mnisaidie kufikiri kama nilivyofikiri siku ile. Baba ametafutwa mwaka mzima na zaidi. Leo amepatikana. Amepigiwa makofi, ameitikia makofi, idadi ileile, kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe. Na badala ya kushangilia, wakubwa wote wanalia, na wanataka kwenda kwa katekista kumwandika miongoni mwa wafu. Nilisikia Baba mdogo akisema hakuna mtu kule, nilisikia vizuri, lakini kama hakuna mtu, aliyepiga makofi ni nani? Makofi yanahitaji mikono. Nilimfuata bibi nikamwambia baba ameitika. Alinivuta kifuani akasema pole, mjukuu wangu. Nilijinasua. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu upande wangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa, nilimuuliza bibi kwa nini makofi yale yalimlainisha wakati maneno ya watu wote yalishindwa. Alifikiri, akasema alikuwa amemwita mwanawe kila mahali anapopajua, na kila palipokuwa kimya alijiambia labda hakusikika. Siku ile alijua amesikika mpaka mwisho wa mahali pote, na aliyemjibu ni yeye mwenyewe. Baba mdogo naye nilimuuliza alikuwa anatafuta nini. Yeye alisema hajui mpaka leo. Alisema kaka yake alipozama alishindwa kukaa ofisini akisikiliza simu za watu zinapita, akataka tu kutupa sauti yake mbali kadiri inavyowezekana. Nawapenda wote wawili, na majibu yao bado sijayaelewa vizuri.

Msiba ukawekwa. Turubai likafungwa, wajomba wakaja kutoka Milepa, wanawake wakajaa jikoni, na Jumapili jina la baba lilisomwa kanisani, la mwisho kabisa kwenye orodha. Mama alivaa nguo za mjane, na uso wake, Mungu anisamehe kwa kusema hivi, ulikuwa umepumzika. Nilimchukia kwa hilo. Siku ya kumaliza msiba, asubuhi, watoto wa marehemu hunyolewa nywele. Mtoto wa marehemu ni mimi peke yangu. Bibi aliketi kwenye mkeka na wembe mpya na beseni la maji, akaniita. Nilikimbia chumbani kwa Baba mdogo, nikajifungia, nikaingia nyuma ya maboksi.

Waligonga wa kwanza na wa pili, mjomba mmoja akasema avunje mlango. Mwishowe akaja mwenye chumba. Alizunguka dirishani, akaingia kwa kupandisha mguu kama mwizi, akakaa sakafuni upande wa pili wa maboksi. Hakunishika.

"Nywele zina nini?" aliuliza.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nikinyolewa nitakuwa nimesema baba amekufa, na baba hajafa, ameitikia makofi, wao wote wamesikia na wanajifanya hawajasikia. Nilimwambia yeye ndiye mbaya kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyempata, halafu amekubali azikwe. Nilimaliza na kamasi zimenijaa. Nilitegemea aseme mtoto haelewi, maana ndilo neno nililoshinda nikiambiwa wiki nzima.

Alichungulia dirishani. Asubuhi ile mwezi ulikuwa bado haujatua, umebaki upande wa magharibi juu ya paa la Mzee Masanja, umelika pembeni.

"Umsalimie mwenyewe, basi," alisema. "Mimi sitakwambia kitu."

Alifungua mlango, akanipitisha katikati ya watu wote, akawasha jenereta msibani. Wazee wakageuka. Mjomba akaanza kusema kitu, bibi akainua mkono wenye wembe, mjomba akanyamaza. Baba mdogo alizungusha usukani mwenyewe, akarudisha nyuma, akasogeza, mpaka neno lake moja lilipojirudia kwenye spika. Kisha akanipa maikrofoni na kujiondoa.

Nilikuwa nimeshaamua sitapiga makofi. Makofi ni ya wote. Nilitaka kumpa kile nilichokuwa nikimpa kila asubuhi alipokuwa anafunga mizigo, na kila aliporudi kabla hajashusha hata kikapu kimoja.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Manyunyu. Pumzi moja ndani, pumzi moja nje. Halafu sauti ndogo, ya mtoto mwenye mafua, ikasema kutoka huko iliko: shikamoo, baba.

Nikasubiri. Nilisema tena, kwa nguvu zaidi, labda mara ya kwanza hakusikia vizuri. Ikarudi tena, kwa nguvu zaidi. Baba yangu hakuwahi kuiacha shikamoo yangu ikalala chini, hata akiwa amechoka, hata akiwa na chakula mdomoni, hata siku aliyonichapa. Niliisema mara ya tatu polepole, nikamwachia nafasi, nikamsubiri aseme marahaba.

Hakuna baba anayemwamkia mwanawe. Hilo nililijua bila kufundishwa na mtu.

Niliweka maikrofoni chini. Watu walinipisha njia. Nikaenda kwenye mkeka, nikakaa mbele ya bibi, nikainamisha kichwa.